Namba Inashuka Akija Yeye

Jumamosi, 1 Machi

Wiki nzima nimeshona mapazia ya hoteli, na dirisha letu la sebuleni bado limefunikwa shuka. Nimemwambia mume wangu. Amesema kesho, Bosi. Kesho zake nazijua.

Amerudi, ameoga, amekula. Halafu simu. "Juu" — ndivyo alivyomwandika. Ni yule mwanamke anayemshikia kamba. Mume wangu anaosha vioo vya maghorofa, ananing'inia nje na ndoo yake, na huyo Bi Kamba anakaa kwenye paa, anamwachia kamba na kumwongoza kwa redio. Kwenye redio mmoja ni Juu, mwingine ni Chini. Sawa, kazi ni kazi. Lakini sebule yangu si ghorofa!

Mimi kwenye simu hiyohiyo nimeandikwa "Nyumbani". Kama namba ya kuagizia gesi.

Wameongea upepo, wameongea jengo la benki. Amecheka mara mbili. Nimeosha vyombo kwa kelele.

Angekuwa mzuri ningejua pa kuanzia. Ni mama mtu mzima, kanipita umri, mabega mapana, viganja vigumu kama soli. Na ananiita shemeji. Shemeji wa wapi?

Jumapili, 2 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali.

Mume wangu alipanda kigoda cha jikoni kutundika pazia. Miaka yote hiyo yuko angani, hana hata mkwaruzo — kigoda! Nilikuwa nimeshika upindo, namwambia vuta kushoto. Simu ikalia mezani. Akageuka. Kigoda kikaenda huku, yeye akaenda kule, kisogo kikapiga kona ya meza.

Akainuka anacheka. Akaniomba nisimwambie mtu wa kazini, watamtania mpaka astaafu. Akanywa maji. Baadaye akatapika. Akaniuliza pazia hili la nani. Akasema analala kidogo, na alivyolala akawa anakoroma koromo ambalo silijui, mimi ninayeyajua makoromo yake yote. Nikamtikisa, nikampiga makofi ya mashavu. Hakuamka. Jirani ndiye aliyetuleta kwa gari lake.

Wamempiga picha ya kichwa. Daktari amenieleza taratibu. Kuna damu kidogo, lakini kinachomtisha yeye ni uvimbe: ubongo umevimba. Mguu ukivimba ngozi inatanuka. Fuvu ni mfupa, halimpi mtu nafasi, kwa hiyo ubongo unajibana wenyewe. Wamemlaza kwa dawa, mashine inampumulia, na wamepitisha waya mwembamba ndani ya fuvu wa kusoma presha ya humo. Namba ikikaa chini ya ishirini, tunashukuru. Ikipanda ikagoma kushuka, watakata kipande cha mfupa ili ubongo upumue.

Simu yake ninayo mimi. Nimeangalia nani alipiga wakati ule. Nilijua kabla sijaangalia.

Jumatatu, 3 Machi

Wanaingiza mtu mmoja mmoja, kwa aproni ya plastiki. Wamemnyoa nusu ya kichwa. Kitanda kimeinuliwa upande wa kichwani, shingo imenyooshwa kabisa isiegemee popote. Mume wangu hajawahi kulala hivyo, yeye hulala amejikunja na kuniachia ukingo.

Nilimshika mkono nikalia. Sikujua kama nalia kwa sauti. Namba ilikuwa kumi na saba nikiingia. Nikamwita kwa jina lake, nikamwambia amka, mimi hapa. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Ishirini na nne, na mashine ikaanza kulia pamoja nami. Nesi mrefu akanishika bega, akanitoa nje kwa upole. Akasema si mimi, hata wakimgeuza inapanda.

Si mimi! Basi kwa nini nilipotoka ilishuka? Niliiona kupitia kioo.

Mama mkwe amefika mchana. Hajanilaumu kuhusu pazia, ila ameuliza kigoda ni kile chenye mguu mfupi? Nimesema ndiyo. Halafu akasema amempigia "mwanangu", yuko njiani. Nilidhani wifi yangu. Kumbe Bi Kamba. Mwanangu! Mimi nimeolewa mle miaka yote hii, ni "mke wa fulani".

Jumanne, 4 Machi

Bi Kamba ameingia na viatu vyake vya kazi. Nilisimama kwenye kioo, pua imegusa.

Hakumshika. Hakulia. Alivuta kiti, akakaa, akamwangalia muda mrefu bila kusema neno, nikawaza huyu amekuja kutazama sinema? Ndipo akainama. Sikusikia kitu kwa nje, niliona tu midomo. Neno moja moja. Namba ilikuwa ishirini na tatu. Ikawa ishirini. Ikawa kumi na saba. Alipoinuka ilikuwa kumi na tano!

Roho imeniuma jamani. Niandike ilivyo: sikufurahi. Mume wangu anapona mbele ya macho yangu na mimi nimenuna.

Daktari anasema tusikimbilie kusema ni sauti, dawa nayo ilikuwa imeshika, namba hizi hupanda na kushuka zenyewe. Lakini nesi mrefu alimfuata Bi Kamba koridoni, akamuuliza kama anaweza kuja tena jioni. Nimesikia kwa masikio yangu. Mimi hajaniuliza.

Nilimuuliza Bi Kamba anamwambia nini. Amesema ya kazini tu, shemeji, yale ya mtu aliyeshika kamba. Simama hapo. Niko nayo. Shuka kidogo. Pumzika.

Kwa hiyo mtu anakaa na mke, anakula naye, anagombana naye, analala naye, na siku kichwa kikimvimba anamsikiliza anayemwambia shuka kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya jambo.

Nimemwambia Bi Kamba kwamba madaktari wameona asijichoshe na safari, aturekodie sauti kwenye simu, itatosha. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Nilidhani atabisha, nilikuwa nimejiandaa. Hakubisha. Alikwenda pembeni ya ngazi, akarekodi, akanitumia, akasema, "Kama itamsaidia, shemeji, hata mara mia." Akaondoka na begi lake la kamba.

Kisha nikamwambia mlinzi wa mlangoni: wanaoingia ni familia tu.

Mama mkwe ameuliza mwanangu yuko wapi. Nimesema kazini. Nimekula vizuri leo, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimeingia na simu yangu. Nesi mrefu alikuwa kitanda cha pili. Nikaiweka karibu na sikio la mume wangu, nikabonyeza. Simama hapo. Niko nayo. Shuka kidogo. Nikakaa kama Bi Kamba, sikumshika, sikulia. Mimi na mume wangu, na sauti nimeitia mfukoni mwangu. Nilijiona mjanja.

Namba ikapanda.

Nikarudia. Labda hakusikia vizuri! Nikaongeza sauti. Ishirini na tano. Sikuzima, nilisubiri ishuke, kwa yule mbona ilishuka. Ishirini na nane na mashine ikapiga kelele. Nesi akaja mbio, ameona simu, ameniangalia tu. Wamemwongezea dawa, wameita daktari, wamenitoa.

Ilikaa juu. Daktari akaniambia wanampa mpaka alasiri, isiposhuka wanampeleka kukata mfupa. Nikamuuliza kama ni ile simu. Amesema uvimbe hufikia kilele siku hizi hizi, huenda ingepanda hata pasingekuwa na mtu. Huenda! Nesi mrefu yeye aliuliza swali moja: yule mama wa kamba leo haji? Nikasema amebanwa na kazi. Akasema mlinzi amemwambia vingine.

Nimekaa chooni nikalia mpaka nikachoka. Halafu nimetoa simu ya mume wangu — yangu ilikuwa imekwisha chaji — nikatafuta Juu.

Iliita mara moja tu. Akapokea. Akasema, "Chini?"

Aliona namba ya mume wangu, akadhani ameamka! Sauti ile. Sikujua kama kuna mtu mwingine duniani anaweza kumwita mume wangu namna hiyo. Nikashindwa kusema ni mimi. Akasubiri, akarudia, polepole. Mwisho nikasema, "Ni shemeji yako. Njoo." Nikajisikia nimelitamka hilo neno.

Amekuja na vumbi la paa kwenye nywele. Nesi alituruhusu wote wawili, mimi nisimame ukutani nisiseme kitu. Ndipo nimeona kwa karibu. Haanzi kusema. Anamwangalia kifua. Mashine inampumulia, kifua kinapanda, kinashuka, na yeye anangoja kishuke kabisa, kitulie, ndipo anaweka neno. Moja. Kisha anangoja tena. Namba ikicheza ananyamaza mpaka ikae. Simu yangu haikumngojea. Wala mimi, Jumatatu ile, wala Jumapili pale dirishani, vuta kushoto, vuta kushoto.

Imeshuka. Ilichukua muda, na dawa ilikuwepo, na daktari anasema ni dawa. Hawakumkata leo.

Simu iliyomgeuza mume wangu Jumapili ilikuwa yake na bado hajui. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu mara mbili. Nimeimeza. Si wema, niseme ukweli. Nimeiweka akiba.

Ijumaa, 7 Machi

Namba nzuri mchana kutwa. Bi Kamba asubuhi, Bi Kamba jioni. Mimi katikati, dakika chache, kimya. Nimejaribu kungoja kifua kishuke. Nikasema, "Niko hapa." Haikupanda. Haikushuka pia. Ilikaa tu, kama mtu anayekuvumilia.

Tumekaa benchi moja. Amenigawia mkate wake. Nikamuuliza kwa nini alimpigia Jumapili, siku ya mapumziko. Amesema alitaka kumwambia Jumatatu wasipande, upepo mbaya, alale kwake apumzike. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Kila siku akifika chini akivua mkanda, huniambia kwenye redio, haya Juu, mimi huyo kwa Bosi. Mimi kazi yangu inaishia hapo, shemeji. Namshusha tu."

Maneno matamu. Ndiyo yaliyoniudhi zaidi. Angekuwa mshenzi ningelala usingizi. Na kwa nini yeye ajue ninaitwa Bosi? Hilo ni la chumbani.

Mkate nimeula.

Jumapili, 9 Machi

Leo wanamwamsha.

Picha ya jana inaonyesha uvimbe umepungua. Dawa ya usingizi wameanza kuipunguza tangu asubuhi. Daktari ametuita sote watatu, mama mkwe, Bi Kamba na mimi. Amesema mwanzo ndio mbaya: ataamka na bomba kooni, hajui yuko wapi, atataka kulivuta, atapigana, na presha itapanda. Ikipanda sana wanamlaza tena, na huo ubongo hauna uvumilivu wa kubanwa mara nyingine. Anatakiwa mtu mmoja pembeni. Mmoja tu. Wa kumwambia tulia, akatulia. Hakutaja mtu. Alinitazama mimi kwa adabu, kwa sababu mke ni mimi.

Nimevaa gauni la bluu. Nimepaka wanja. Mama mkwe ameliona gauni, ameona na wanja. Nataka akifungua macho anione. Ni kosa? Sijaomba nyumba wala gari. Nimeomba nionwe kwanza na mume wangu.

Na nikiwa pale akaanza kupigana, nitaweza kungoja kifua kishuke? Mimi? Najijua. Nitamshika. Nitamwita jina. Nitalia.

Bi Kamba amekaa upande wa pili wa korido, ameegemeza viwiko magotini, anatazama sakafu. Hajaniomba. Angeniomba ningemkatalia na ningesikia raha.

Nesi mrefu ametoka. Anasema ameanza kukunja vidole, namba kumi na nane. Amekuja na aproni moja. Nimesimama upesi, nimeipokea mimi.

Sijaivaa. Naandika nimeegemeza daftari ukutani, aproni iko kwapani, mwandiko kama wa kuku. Nesi amerudi ndani, mlango ameuacha wazi kidogo. Namsikia akisema naye, bwana, tulia, usivute. Mashine inalia mlio mfupi, inanyamaza, inalia.

Bi Kamba ameinuka. Amedhani nashindwa kujifunga. Amekuja nyuma yangu, ameichomoa aproni kwapani, amezishika kamba zake mbili kwa vidole vyake vigumu, hazivuti, anangoja niingize kichwa.

Nesi amechungulia. Anasema, dada, ishirini na tatu, nani anaingia?