Kofia ya Mama Sokoni Chake

Pujini,
Chake Chake,
Pemba.

14 Rajab 1446
(14 Januari 2025)

Mpendwa mdogo wangu Haitham,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yako, na hali ya Abeer na watoto? Goti lako ulilolalamikia tangu Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani, limepoa, au bado unalikanda? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Mama anakula vizuri na anaswali kwa kukaa. Macho tu ndiyo yamezidi kufunga, siku hizi ananijua kwa sauti. Mie ni mzima wa mwili. Nimechoka, basi.

Barua hii anakuletea Bi Moza, jirani yetu, anayekuja Maskati kumuuguza bintiye. Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Lakini kwenye simu nikianza tu nalia, na nikikupelekea sauti wanasikiliza wote waliomo nyumbani. Hii isome peke yako.

Karafuu za mwaka huu hazikuwa nyingi. Mikarafuu aliyotuachia Baba imezeeka, na wachumaji wanataka malipo kabla hawajapanda juu. Tulichokipata tulikianika, tukakipeleka kituo cha kuuzia karafuu. Fedha ziliingia kwenye simu asubuhi na kufika jioni zimekwisha: dawa za Mama, umeme, paa la jikoni. Unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi kituoni na sukari na kanga mpya, tukajua msimu umelipa? Siku hizi simu inalia mara moja tu, na hata rangi ya noti huioni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Chake kupeleka kofia mbili kwa Mbaruk. Unamjua, ndiye mwenye duka la kanzu karibu na soko, ananunua kazi yetu miaka kumi na tano sasa. Rajab ikiingia huwa ananipigia mwenyewe niharakishe, maana watu wanajitayarishia Ramadhani na Sikukuu. Mwaka huu hakupiga. Nikasema labda ana shughuli.

Nilipofika hakunitazama usoni. Alinivutia kiti, akaagiza chai, nami nikajua hapo pana neno. Nikazitoa zile kofia. Akazigeuzageuza, akaziweka chini taratibu.

"Bi Rahila," kasema, "kazi yako haina kasoro. Lakini sitakuficha."

Akainama chini ya meza akatoa boksi. Ndani mna kofia zimepangwa kama sahani, zimefungwa nailoni. Akanipa moja. Elfu kumi na mbili anaiuza. Yangu, unajua, haitoki chini ya laki moja na nusu, na inakula miezi mitatu ya macho yangu na ya Duni anayenishonea. Kofia za mashine si mpya, tumeziona miaka mingi, na nakshi zake zilikuwa za ovyo, mtu mwenye kujua hazivai. Hii haikuwa ya ovyo. Hii ilikuwa na nakshi ile ya maua aliyoibuni Mama.

Nikaisogeza mlangoni penye mwanga. Nikahesabu maua kuanzia kwenye mshono. La kwanza vitundu vinane, la pili vinane, la tatu, la nne. La tano vitundu saba.

Haitham, unajua kwa nini ua la tano lina vitundu saba. Mama alikuwa akiishona kofia ile ya Baba pale uchungu wako ulipomshika. Aliiweka sindano chini, akakuzaa wewe, na aliporudi kazini baada ya arubaini hesabu ilikwisha kumpotea. Baba akakataza isifumuliwe, akasema aivae hivyo hivyo. Baba tumemzika, na kofia yake ilikwisha kuoza. Aliye hai ambaye nimemshonea nakshi ile, na pengo lake lile lile, ni mmoja tu: mwanao Suhail, siku ya harusi yake mwaka jana. Sikuwauzia watu nakshi ile hata siku moja. Hata Mbaruk hajapata kuiona mkononi mwangu.

"Zimetoka wapi hizi?" nikamuuliza.

"Zimekuja na kontena kutoka Dubai," kasema. "Mwenye mzigo anasema mchoro kauziwa na Mpemba wa Maskati." Halafu akatazama chai yake. Nadhani naye alishajua ni nani.

Nilikupigia pale pale, nimesimama kwenye baraza ya duka la watu. Maneno yako nayakumbuka yote. Kwanza ulisema hujui. Kisha ukasema ni picha tu, ulimpigia rafiki yako picha ya kofia ya Suhail kwa sababu aliisifu, naye akakulipa bila ya wewe kuomba. Kisha ukasema biashara ya manukato imelala, kodi ya duka imepanda, na harusi ilikuacha mtupu. Mwisho ukasema:

"Dada, mashine zingekuja tu. Leo au kesho. Mie nimechukua kidogo kabla hawajachukua wengine."

Nikakata simu. Hukukatikiwa na mtandao, nilikata mie.

Nimelifikiria neno lako siku tano. Mie si mjinga, Haitham. Najua mashine zinakuja. Nilisomeshwa skuli kama wewe, mpaka Baba aliposema ada inatosha mtoto mmoja. Najua kitambaa hiki cha marekani tunachoshonea kiliitwa hivyo kwa kuwa kililetwa na meli za Wamarekani, na kilipofika pwani hii kwa bei rahisi, waliokuwa wakifuma nguo kwa mikono wakakaa bure. Sie tukaja tukakitoboa vitundu kitambaa hicho hicho, tukapata riziki yetu. Najua miaka ya themanini karafuu ilipoanguka, bei yake ilivunjwa mbali sana na hapa, na watu tusiowajua, na Mama akatulisha kwa sindano. Dunia inakwenda hivyo, na sijapata kuigombeza.

Lakini wale wafumaji hawakutolewa kazini na ndugu yao. Hilo ndilo linaloniuma, wala si mashine.

Na tikiti yako ya kwendea Maskati ilitokana na kofia kumi na moja. Sikwambii ili unilipe. Nakwambia kwa sababu nilidhani unajua kilichomo ndani ya kitu kile ulipokipiga picha.

Kesho yake, Ijumaa, simu yangu ikalia. Laki tano kutoka kwako, bila ya neno hata moja. Nilikwenda kwa wakala nikamwambia azirudishe. Akaniambia mama, zimeshapokewa, ukitaka kuzirudisha lazima uzitume upya, na makato utalipa wewe. Nikacheka peke yangu pale dirishani kama mwehu.

Basi sikuzirudisha, na sikuzila. Nilikuwa na wanawake wanne wananishonea, kila mmoja na kipande chake. Duni, yule mjane wa bondeni, alikuwa amefika nusu ya kofia, na watoto wake wawili wanategemea kofia hiyo kwa sare. Niliwaita wote, nikawaambia ukweli kwamba Mbaruk hanunui tena kwa bei ile, na labda hatanunua kabisa. Sikuwatajia jina lako. Nikawagawia fedha zako kwa kazi waliyokwisha kuifanya. Watatu wakachukua, wakanishukuru, wakaenda. Wawili kati yao wanakwenda kujaribu kilimo cha mwani, na mmoja atauza chapati.

Duni hakuondoka. Alikaa akiishika kofia yake, akaniuliza, "Sasa na hii niimalize au niiache?"

Nikamwambia sijui. Akatunga uzi kwenye sindano, akaendelea. Sikuwa na nguvu za kumkataza. Naye anayo simu ya kisasa, kaniambia atajipiga picha akiwa anashona awaoneshe watu wa Mombasa, waone ni mkono wa mtu. Mie nimemwacha. Huenda akapata, huenda asipate. Mimi hamu ya kutangaza mikono yangu sina tena.

Liko jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Mbaruk alinipa kofia moja ya mashine nije nayo. Nilifika nayo nyumbani nikaitupa kitandani kwa Mama bila ya kufikiri. Nilipotoka kuswali Alasiri nikamkuta kaishika. Unajua vidole vyake, vimekuwa ndiyo macho yake. Alikuwa akipita juu ya maua, moja moja, midomo inatembea kwa hesabu. Alipofika la tano akasita. Akarudi nyuma. Akalipitia tena.

"Rahila," kasema, "nani kashona hii? Ana mkono mkavu. Lakini hapa," akalibonyeza lile pengo, "hapa ni Haitham."

Akacheka, Haitham. Sijamsikia akicheka tangu Mfunguo Sita, miezi minne sasa. Akaiweka kifuani akaniambia, "Mwanangu kaniletea salamu. Hakusahau."

Nilisimama mlangoni. Ningesema nini? Kwamba kauza? Nikamwambia ndiyo Mama, kakukumbuka. Tangu siku ile halali bila ya kofia hiyo, na kila anayekuja kumjulia hali anaoneshwa. Hata Duni kaoneshwa. Duni akaitazama, kisha akanitazama mie, akasema nzuri, Mama, nzuri sana.

Sikudai kitu, wala sitaki fedha nyingine kwenye simu yangu. Hasira nilikuwa nayo Alhamisi na Ijumaa, kisha ikanishinda kuibeba. Nakuomba jambo moja tu: uje. Uje kabla ya Ramadhani ukiweza, mikono mitupu, ukae kitandani kwa Mama, na umwambie wewe kofia ile ilitoka wapi. Ukiona huwezi kumwambia, mwache na furaha yake, na hilo nalo utalibeba wewe. Mimi nimeshasema uongo mmoja kwa ajili yako. Wa pili siuwezi.

Msalimie sana Abeer, na binti yako Yumna, mwambie shangazi anamuombea mtihani wake. Msalimie Suhail na mkewe. Suhail usimwambie lolote katika haya. Ile ni kofia ya harusi yake, aivae kwa raha. Mama anakusalimu, na Duni pia.

Mwenyezi Mungu akuponye goti, akufungulie riziki ya halali, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, niliyechoka nawe na ambaye sijaacha kukupenda,

Rahila