Barua Hii Usimpelekee Nadine

Kasongo, Maniema
Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 2025

Mpendwa yaya wangu Yvette, dada yangu mkubwa,

Nimepoteza jina la Mama. Nililipoteza Jumanne tarehe 23 Septemba, saa nne ya asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, mbele ya kompyuta yangu mwenyewe. Vidole vilivyoandika "Mwavita" kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine ni hivi hivi vyangu. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu ili usije ukadhani kwamba salamu zinazofuata zimetoka katika moyo mweupe.

Sasa nakusalimu. Habari za huko Liège? Mgongo umepata nafuu? Mwezi wa sita uliniambia kwamba wazee unaowatunza ni wazito na kwamba zamu yako inaisha hujahisi miguu. Huku sisi ni wazima. Mume wangu Gédéon anaendelea kufundisha, vijana wangu watatu wamerudi shule, na mvua imeanza kunyesha vizuri. Papa yuko Nyangwe, anakula, anatembea mpaka kwenye mitumbwi na kurudi bila fimbo. Mimi leo nimetimiza majuma thelathini na manne ya mimba. Miguu imevimba, ila mtoto anacheza sana, hasa nikikasirika. Kwa hiyo siku hizi anacheza kutwa.

Bila shaka umeshangaa jinsi baruapepe hii ilivyokufikia. Uliombwa namba ya siri, na namba hiyo ikaja kwa meseji kwenye simu yako, si ya mtu mwingine. Sasa tafuta kitufe cha kuipeleka barua kwa mtu wa tatu. Hakipo. Jaribu kunakili hata mstari mmoja, haukubali. Jaribu kuichapisha au kuihifadhi, nayo itakataa. Ijumaa ijayo, tarehe 10, itajifunga yenyewe. Na nikitaka kuifunga hata kesho, nitaifunga nikiwa hapa Kasongo, nawe huko hutaona hata neno. Nimejifunza haya yote kwa siku kumi, bila mwalimu, kama nilivyojifunza kazi yangu yote.

Unajua nilivyoanza. Mashine moja ya taipu iliyokosa herufi mbili, na meza ya kuazima. Leo ni mwaka wa kumi na moja, nina kompyuta mbili, fotokopi, printa na sahani tatu za umeme wa jua juu ya paa, na hakuna aliyenitumia hata msumari. Kwa miaka yote hiyo nimechapa barua za ndoa, za talaka, za wachimbaji wanaoomba msamaha kwa wake zao, na sijawahi kutoa neno nje. Watu wa Kasongo wananiamini kwa siri zao. Dada yangu ndiye niliyemwamini kwa siri yangu.

Tarehe 27 Juni daktari wa ekografia, kile kipimo cha picha ya tumbo, aliniambia ni msichana. Baada ya vijana watatu, yaya! Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu niliogopa pikipiki isije ikanimwagia furaha njiani. Tarehe 2 Julai nikakuandikia. Sikutumia WhatsApp kwa sababu kundi la familia lina watu ishirini na sita na midomo ishirini na sita. Nilitumia baruapepe, nikaweka kichwa cha habari: Siri ya sisi wawili. Nilikwambia kwamba mtoto huyu namtaka awe Mwavita, kama marehemu Mama, na nikakuomba wewe mkubwa wetu useme ndiyo, kisha unyamaze mpaka nijifungue.

Ulinijibu mistari miwili: hongera, na Mungu atatenda. Nikaihesabu kuwa ndiyo.

Wakati huo mdogo wetu Nadine alikuwa na mimba kubwa, lakini sikuwa na wasiwasi naye. Mwezi wa tano alisema mwenyewe, mbele yangu, kwamba mtoto wake ataitwa jina la mama mkwe wake wa Bukavu. Tarehe 9 Septemba akajifungua msichana, huko kwake Salamabila. Nikampigia simu, nikasikia kitoto kinalia, nikafurahi kwa kweli. Nikamuuliza jina. Akasema, "Tutakuambia, yaya Mado, usiwe na haraka."

Basi siku kumi na nne baadaye shemeji yetu Aganze, mume wa Nadine, akaingia kwangu na vumbi la njia nzima. Alikuja Kasongo kuchukua betri na simu za kuwauzia wachimbaji, akataka pia nimchapie kadi sitini za mwaliko wa ubatizo, Jumapili tarehe 19 Oktoba. Maneno ya kadi Nadine alikuwa ameyatuma kwenye sanduku la baruapepe wanalotumia wote wawili. Aganze akalifungua kwenye kompyuta yangu, akanisomea, nami nikaandika. Nilipofika kwenye jina, vidole vilitangulia akili. M, W, A, V, I, T, A. Yeye akacheka kwa furaha.

"Shemeji, tia kwa maandishi makubwa. Hiyo jina ndiyo sikukuu yenyewe."

Nikatia makubwa. Ningefanya nini?

Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea, sanduku likabaki wazi. Yaya, naungama mbele yako kabla hujanihukumu: mtu wa kazi yangu hasomi sanduku la mteja. Ni kanuni niliyojiwekea na ambayo sikuwahi kuivunja. Siku ile niliivunja, kwa sababu niliona maneno yangu mwenyewe yananitazama. Siri ya sisi wawili, na mbele yake zile herufi mbili zinazoonyesha kwamba barua imepitishwa kwa mwingine. Ulimpelekea tarehe 4 Julai, saa sita na dakika arobaini mchana. Siri yangu ilikaa kwako siku mbili. Mimi nikaishi siku themanini na moja nikijiona mwerevu.

Juu ya barua yangu uliongeza maneno machache. Unayakumbuka? Mimi siyasahau: "Nadine mpenzi, soma hii. Usimwambie Mado."

Barua nyingine sikufungua. Lakini majina ya waandishi yalikuwa wazi, nami macho yangu yanahesabu hata nisipotaka. Tangu Januari umemwandikia Nadine mara thelathini na moja. Mimi umeniandikia mara nne, na katika hizo nne, tatu zinauliza hali ya Papa. Kumbe wewe unajua kuandika barua ndefu! Nilidhani kazi ya huko imekumaliza maneno, kumbe yanapita njia nyingine.

Najua utasema nina wivu. Ninao. Sitaki kuupaka sukari. Tangu tukiwa wadogo Nadine alilala mgongoni kwako na mimi nilibeba ndoo. Siku unaondoka, kwake uliacha sanduku la nguo, kwangu uliacha maagizo. Mado, angalia dawa za Mama. Mado, angalia paa. Nikaangalia. Mama aliugua miezi kumi na minne na nilimwogesha mimi. Nadine alikuja mara mbili, akalia vizuri kuliko sisi sote, akarudi. Sisemi kwamba Mama aliniachia jina lake, maana hakusema, na sitamwekea marehemu maneno kinywani. Nasema tu kwamba nilidhani kuna mtu anayehesabu pamoja nami.

Kuna jambo moja ambalo ni kosa langu. Katika barua ile niliandika kwamba Nadine hana subira ya kulea hata kuku. Nilikuandikia wewe, kwa utani wa dada kwa dada. Nadine akayasoma maneno hayo. Kwa hiyo hukumpa jina tu, ulimpa na sababu ya kulichukua.

Nilimpigia siku ileile jioni. Hakukana.

"Jina lilikuwa na alama yako?" akaniuliza. "Yaya mwenyewe ndiye alinitumia."

Nikamwambia nililiandika tarehe mbili Julai, kabla yeye hajalifikiria.

"Kuandika haiko kuzaa, ya Mado. Weye uliandika, miye nimezaa."

Halafu akaongeza kwa sauti tamu, "Na kuku zangu ziko zima zote, asante."

Nilikata simu. Gédéon alinikuta nimekaa na simu imezimika mkononi.

Nikampigia Papa. Yeye alirudia ile kanuni ya nyumbani kwetu unayoijua: jina la marehemu halikai kwa wajukuu wawili, na anayelitoa ni mkubwa wa kizazi. "Mimi siamui kati ya matumbo mawili," akasema. "Yvette ndiye mkubwa. Aseme." Basi tumerudi kwako.

Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kukuandikia bila Nadine kusoma nyuma ya bega lako. Nilipoona jinsi barua inavyoweza kufungwa, nilijaribu kwanza kwa Gédéon. Nikamtumia, nikamwambia ajaribu kuipeleka kwa mtu. Akabonyeza huku na huku, akashindwa, nami nikajigamba. Akatoa simu yake ya pili mfukoni, akakipiga picha kioo cha ile ya kwanza.

"Kufuli nzuri sana, mama Nathanaël," akasema. "Ila nyumba haina ukuta."

Nilimkasirikia mpaka asubuhi. Lakini alisema kweli. Mashine inazuia kidole, haizuii mdomo, wala haizuii dada anayependa kumpendeza dada mwingine. Ukitaka, utaipiga picha barua hii, au utampigia Nadine simu na kumsomea mstari kwa mstari, na mimi hapa sitajua. Nimeifunga ili baadaye usiweze kusema kidole kiliteleza. Safari hii ukimpa, utakuwa umeinuka, umetafuta simu nyingine, na umekusudia.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Zile kadi sitini sijazitoa kwenye printa. Nilimwambia Aganze wino umekwisha, na ulikuwa haujaisha. Ni uongo wangu wa kwanza kwa mteja, na nimemwambia mtu asiye na kosa lolote. Alinishukuru, akaniachia na mkungu wa ndizi. Ijumaa tarehe 10, saa nane ya mchana, anatuma mtu wa pikipiki kuzichukua. Kadi zikishatoka na kugawiwa Salamabila na eneo zima la Wamaza, jina limeshika, na hakuna atakayemwita mtoto yule jina jingine. Hata sasa wamemwita hivyo kwa siku ishirini na nne. Yeye hana hatia, najua. Nikimsikia kwenye simu nasikiliza kama sauti inafanana na ya Mama, halafu najichukia kwa kusikiliza.

Kwa hiyo nina swali moja tu. Ulipompelekea Nadine barua yangu, ulikuwa unampa jina?

Kama ni ndiyo, niambie hivyo. Nitachapa kadi zote sitini kwa wino mzuri, kwa herufi kubwa kama alivyotaka baba yake, nitakwenda ubatizoni na tumbo langu, na mtoto wangu tutamtafutia jina kwa upande wa Gédéon. Nitaumia, lakini nitajua naumia kwa kitu gani.

Kama ni hapana, kama ulimtumia kwa furaha tu au kwa mazoea ya kumwambia kila kitu, basi mwandikie Nadine na Papa wewe mwenyewe, kwa jina lako, kwamba Mwavita hukulitoa. Usinitume mimi. Nimechoka kubeba maagizo.

Usinijibu kwamba tutaongea ukija likizo. Usiniambie nimwombee Nadine. Na usinitumie tena Mungu atatenda. Mungu alishatenda, sasa ni zamu yako.

Papa anakusalimu, anauliza kama bado una ile picha ya Mama amevaa kitenge cha kijani. Gédéon anakusalimu. Vijana wanakusalimu, Nathanaël amekupita urefu. Shangazi Emmanuella anasema dawa ya mgongo uliyomtumia imemsaidia kuliko ya hapa. Ukiongea na Nadine, na najua utaongea, sina salamu za kumtumia kwa kupitia kwako. Za kwake nitazipeleka mwenyewe.

Mungu akulinde kazini, akupe usingizi mzuri, na akupe ujasiri wa kusema neno moja fupi.

Nitakaa mbele ya kompyuta Ijumaa tangu asubuhi. Nataka neno lako kabla ya saa sita ya mchana, ili nibaki na saa mbili za kuchapa au za kutochapa. Mwezi huu saa zenu na zetu ni moja, usije ukaniambia ulikosea kuhesabu. Ulimpa, ndiyo au hapana?

Mdogo wako akupendaye hata leo,

Mado