Busta ya Pikapu

Jumanne, Bariadi

Kumbe ni kazi ya nusu siku tu! Miaka miwili nimemwomba mume wangu afunge busta, kile kifaa cha kulainisha breki, kwenye pikapu ya marehemu baba yake. Breki zake za zamani za drum zilikuwa ngumu mno, nilizikanyaga kwa miguu yote miwili. Alinijibu kila mara, "Kula ugali ushibe."

Juzi mdogo wake aliiendesha mara moja tu hadi Sapiwi, nusura agonge ng'ombe. Leo busta imefungwa.

"Nilikuwa na wazo hili siku nyingi," akamwambia fundi, nami nimesimama pale pale.

Nikaijaribu. Pedeli ni laini kabisa. Machozi yakanitoka njiani.

"Mama, unaionaje?" fundi akaniuliza niliporudi.

"Nzuri."

Nikamrudishia mume wangu funguo, ambazo siku zote hukaa nazo mimi. Hadi sasa hajauliza kwa nini.