Mke Wangu Yuko kwa Dada Yake Kwa Sababu Sijui Kupika Bila Mafuta

Shangazi, shikamoo. Kabla sijasema lolote naomba usinicheke, maana mafundi wenzangu wamenicheka vya kutosha. Mimi ni fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu mzima mwenye mvi, na hapa nilipo nimekalia ndoo tupu ya rangi kazini, wenzangu wamekwenda kula, mimi nimebaki nakuandikia wewe Shangazi wa gazetini.

Mke wangu ni mgonjwa. Ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, anasubiri kupasuliwa, na daktari amemkataza vyakula vya mafuta, kwa sababu akila tu kitu chenye mafuta anashikwa na maumivu chini ya mbavu mpaka anajikunja na kung'ata shuka, na mimi nasimama pembeni kama mlingoti, sijui nishike wapi. Sasa Shangazi, tangu tuoane mimi jikoni nilikuwa naingia kufuata maji ya kunywa tu. Yeye ni mshonaji, anashonea pale pale nyumbani, na chakula alikuwa anapika huku anashona, hata sijui alikuwa anawezaje, mimi narudi jioni nakuta kila kitu mezani na yeye ananiambia kanawe kwanza, hiyo rangi haiivi tumboni. Watoto wetu wana familia zao, wako mbali, nyumba ilikuwa ya watu wawili.

Alipougua nikaingia jikoni mwenyewe. Nikachemsha kuku, nikachemsha viazi, nikapakua, nikaitazama ile sahani, kila kitu cheupe pe kama ukuta ambao fundi ameukimbia. Roho ikakataa. Kazi yangu mimi ni macho, kitu kikikosa rangi naona bado hakijaisha. Nikajisemea, mafuta yamekatazwa, sawa, lakini rangi nani kaikataza? Nikamimina nyanya ya kopo, nikatia bizari ya manjano bila kupima, nikatia na pilipili nyekundu ya unga, nikakoroga mpaka ikaja rangi yenyewe, nikamwekea mezani. Ilipendeza, Shangazi, nakuambia kweli. Akala kwa kunionea huruma, haukupita muda kiungulia kikampanda mpaka akatapika. Mimi nikadhani nimekosea tu kuchanganya, kama tunavyokosea rangi za ukutani, basi kesho yake nikapunguza bizari nikaongeza nyanya.

Ndipo alipokuja dada yake mkubwa. Huyu shemeji yangu alisimamia mabweni ya shule ya wasichana mpaka akastaafu, na sisi sote tunamwita Matroni. Akaonja kile chakula kwa ncha ya kijiko, akanitazama, kisha akamwambia mdogo wake, "Vaa viatu." Nikasema, shemeji, tukae tuzungumze. Akasema, "Tutazungumza siku utakayopika sufuria moja akala akashiba. Siku hiyo njoo umchukue, sitakuzuia." Mke wangu alisimama pale mlangoni akaniangalia, hakusema anataka kubaki wala hakusema anataka kwenda, akachukua mtandio wake akamfuata dada yake.

Shangazi, nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi nikitengeneza chai najikuta nimetoa vikombe viwili, kimoja nakirudisha kabatini kwa haraka kama vile kuna mtu ananiona. Cherehani yake niliifunika shuka isipate vumbi, halafu nikaifunua, maana ilikuwa kama mwenyewe hayupo duniani. Kitandani nalala upande wangu ule ule, wa kwake siugusi. Napaka rangi nyumba za watu nasikia mama mwenye nyumba anamgombeza mumewe kwa kuacha taulo lililolowa kitandani, na mimi natamani ningekuwa ndiye ninayegombezwa. Nina hamu naye, naandika hivyo hivyo bila kuficha, na umri wangu huu.

Kila jioni nikitoka kazini napitia nyumbani, napika, naenda kwa Matroni na hotipoti yangu. Siku hizi rangi nimeacha, nachemsha tu, kuku anakuwa mkavu kama mbao. Naweka kiti mbele ya mke wangu, nakaa namwangalia anavyotafuna. Anakula vijiko viwili vitatu, anaweka chini, ananiuliza, "Wewe umekula?" Namwambia mimi niache, kula wewe. Baada ya hapo nafunika hotipoti, naaga. Jana nilipokaribia mlango nilimsikia ndani anacheka na dada yake, nilipoingia wakanyamaza. Nimerudi nyumbani na hicho kicheko kichwani. Naogopa amezoea kule. Naogopa atapasuliwa, atapona, na hataona sababu ya kurudi kwangu.

Nifundishe vyakula vyepesi visivyo na mafuta, ambavyo hata mtu kama mimi hawezi kuviharibu. Halafu niambie nimwambie nini ili arudi.

Fundi Rangi

*

Marahaba, Fundi. Kukucheka sikucheki, ingawa pale kwenye nyanya ya kopo ilibidi niweke barua chini kidogo nivute pumzi. Mgonjwa ametapika, wewe unaongeza nyanya? Haya, yamepita. Ila shemeji yako usimnunie. Mtu aliyekwambia njoo umchukue hajakunyang'anya mke, amekupa kazi, na wewe kazi huiogopi.

Tuingie jikoni. Anza na wali wa majimaji, kwa sababu huo ukikosea unakuwa uji na bado unalika. Mchele kiganja kimoja, maji mengi kuliko unavyodhani, chumvi kidogo, moto mdogo, uukoroge mara kwa mara mpaka punje zivunjike. Kidari cha kuku kitoe ngozi, kitoe na yale mafuta ya njano yaliyojificha pembeni, kisha kikate vipande vidogo kabla ya kukipika. Unakichemsha kizima mpaka kinachoka, ndiyo maana kinakuwa mbao. Vipande vidogo vitie kwenye huo wali ukiwa karibu kuiva, pamoja na karoti iliyokunwa, ufunike. Nyama ikibadilika kuwa nyeupe mpaka katikati, epua. Na rangi unayoililia utaipata kwenye karoti.

Siku nyingine mpikie samaki mweupe. Mweke kwenye sahani ya bati, mnyunyizie chumvi, weka sahani juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika. Mvuke utafanya kazi yote, wewe kaa uangalie tu. Viazi chemsha, viponde kwa maji yale yale viliyochemkia, usiguse siagi. Akichoka viazi, chukua boga, lichemshe na kitunguu mpaka lilegee, liponde liwe supu nzito. Kitunguu ukitaka kukikaanga kikaange kwa maji, kijiko kimoja kimoja, kikikauka unaongeza. Supu ya kuku ikipoa utaona mafuta yameganda juu, yaengue yote uyatupe ndipo upashe moto. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, usimjazie sahani. Pilipili iache dukani. Na kabla ya yote haya mwonyeshe daktari wake unachotaka kupika, neno la mwisho ni lake. Maumivu yakimrudia, au akipata homa, au macho yakiwa ya njano, acha sufuria, mpeleke hospitali.

Sasa tuache sufuria. Fundi, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na kuna mahali imenitia hasira. Mwanamke mgonjwa, mbavu zinamuuma, anangoja kisu, kila jioni anakuuliza wewe umekula, na wewe kila jioni unamwambia niache. Huyo mtu anakutafuta, wewe unamfungia mlango halafu unakwenda kulia na vikombe nyumbani. Unamwekea kiti mbele, unamkodolea macho kila akifungua mdomo, unadhani chakula kitapita? Hata mimi mzima kingenikwama. Mkeo amekuwa akikupakulia tangu mlipooana, hajawahi kula peke yake huku mtu anamsimamia. Anacheka na dada yake kwa sababu dada yake anakula naye.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utapika cha watu wawili, chakula kile kile, bila mafuta, bila kujipitishia chipsi njiani. Kiti kitoe pale mbele, kaa ubavuni kwake. Pakua sahani mbili, yako itangulie, uanze kula, na macho yako yaangalie sahani yako. Akikuuliza umekula, atakuwa anakuona. Mwambie habari za kazini, nani kamwaga rangi, mteja gani kabadilisha mawazo baada ya ukuta kukauka. Na kabla hujaondoka mwambie hilo uliloniandikia mimi, kwamba una hamu naye. Mimi umenieleza vizuri kabisa, na mimi si mkeo. Umri haukukatazi. Ukinyamaza, atajuaje? Labda na yeye analala huko akidhani umepumzika na ugonjwa wake.

La kurudi usilianzishe. Mwache afike mwenyewe, na dalili nitakupa. Kuna jioni ataonja, atasimamisha kijiko, atakwambia kitunguu umekiwahisha, au boga hukulimenya vizuri, mimi ningefanya hivi na hivi. Matroni anaweza akakasirika kwa niaba yako, aone mdogo wake hana shukrani. Wewe usinune, usijitetee, usimwambie ndivyo gazeti lilivyosema. Mwambie, "Mimi peke yangu siwezi. Twende nyumbani ukanionyeshe."