Nilimshonea wifi hariri nikamwambia ni pamba

Mshauri wangu, sijui kama umenizidi umri ili nikuamkie au tusalimiane tu kama watu wa rika moja, basi pokea salamu zote mbili. Naomba msaada wako ingawa nusu ya shida yangu iliisha Alhamisi iliyopita na tangu siku hiyo nakula vizuri, ila hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niache kazi mezani nikae niandike.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kazi mbele ya nyumba, cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ni mhudumu katika kliniki ya wanyama, na tangu aanze kazi pale miaka sita iliyopita amekuwa mtu mwingine, viatu vya ngozi ameacha, losheni aliyokuwa akiipenda aliitoa ndani ya nyumba siku aliyojua kwamba hujaribiwa kwanza kwenye macho ya sungura, rangi ya mdomo hanunui mpaka asome maandishi yote ya nyuma ya boksi na muuzaji amechoka amekwenda kuhudumia wengine, na nguo zake ni za mitumba kwa sababu anasema duniani zimeshajaa nguo, tuvae kwanza zilizopo. Mume wangu akampa jina la Wakili wa Sungura, na yeye hakukasirika, alisema afadhali sungura wawe na wakili mmoja kuliko kukosa kabisa.

Alipochumbiwa alikuja kwangu na masharti. Gauni lisiwe na hariri, kwa sababu viwavi wanaotoa ule uzi hutiwa kwenye maji ya moto wangali hai ndani ya vifuko vyao, lisiwe na unyoya wala lulu, na kitambaa kisiwe kipya. Akaniletea vitambaa vinne vikubwa vya meza alivyovipata mitumbani, pamba nyeupe nzito, pamba ya kweli mshauri, ambayo siku hizi dukani huipati, na mimi nilifurahi nikaanza kuchora gauni siku ileile. Mama mkwe alipopata habari alikuja mwenyewe kuviona. Akavishika kwa ncha za vidole, akasema, "Mwanangu aolewe amevaa kitambaa cha meza? Basi wageni waje na sahani zao."

Siku ya pili yake akarudi peke yake, amebeba furushi, akafunga mlango kabla hajalifungua. Ilikuwa hariri, mita saba, ya zamani, rangi ya maziwa. "Shona hiki," akaniambia, "mwambie ni pamba." Nikasema mama, akijua atanichukia. Akanijibu, "Atajuaje? Yeye ni mtu wa paka na mbwa, wa vitambaa ni wewe. Kitambaa hiki kina habari yake, nitakusimulia siku nyingine." Nikambishia, lakini mshauri, nisikufiche wewe niliyekuandikia ili nisifiche, sikubisha kwa nguvu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshagusa kile kitambaa. Miaka kumi na minne nashona na sijawahi kukata hariri kama ile, na moyoni nilikuwa nikiogopa watu waseme yule ndiye fundi wa vitambaa vya meza. Nikakubali. Nilikata nikikwepa mistari ya mikunjo, maana hariri iliyokaa sana huchanika palepale ilipokunjwa, na bitana nikaweka ya pamba. Wifi alipokuja kupima nikamwambia nimepata kwa muuza mitumba pamba bora zaidi, ya kung'aa. Akakipitisha kitambaa shavuni. "Wifi, pamba inaweza kuwa laini hivi?" Nikasema, "Inaweza." Neno moja tu, na sindano ilikuwa mdomoni.

Harusi ikafika, akapendeza kupita maelezo, na wakati wa kushukuru akasimama mbele ya watu wote akasema, "Gauni hili nimeshonewa na wifi yangu, na hakuna kiumbe hata kimoja kilichokufa ili nilivae." Watu wakapiga makofi wakinigeukia mimi, mimi nikamtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama keki. Kuanzia siku ile nikawa mtu wa kuogopa sifa. Ndani ya miezi miwili wamekuja mabibi harusi watatu, wote walikuwepo au walisimuliwa, wote wanataka gauni lisiloua, na wote wanataka kitambaa kilekile, nikawa nawaambia bado nakitafuta.

Jumatatu ya wiki iliyopita, mchana, wifi akaja na gauni lake. Alitaka kumwazima mfanyakazi mwenzake wa kliniki, kwa sababu kwake gauni la kuvaliwa siku moja na kuwekwa kabatini ni uharibifu, litumike, liende kwa wa pili na wa tatu. Akanipa kipande cha kitambaa kidogo kama cha vidole viwili, ameandika kwa wino wake mwenyewe, "Gauni hili halikuua," akaniomba nikishone kwa ndani, kiunoni, kila atakayelivaa akisome. Nikatia uzi kwenye sindano. Nikajichoma mara mbili. Mwisho nikaiweka sindano chini.

"Wifi, siwezi kukishona hiki."

"Kwa nini, wino umechuja?"

"Wino hauna neno. Gauni ni hariri."

Akatabasamu kwanza, akidhani natania kama kaka yake. Nikachomoa uzi kwenye pindo la chini, nikawasha kiberiti, nikauchoma mbele yake, maana uzi wa pamba ukiungua unanuka karatasi lakini hariri ina harufu yake. Akainama akanusa. "Nywele," akasema. Akaniuliza nani mwingine anajua, nikasema mama. Wifi alikunja lile gauni taratibu, sijapata kuona mtu mwenye hasira akikunja nguo kwa uangalifu namna ile, akaenda zake na kile kipande chenye maandishi akakiacha mezani.

Jumanne mama mkwe akapiga simu. "Nilikupa siri ukaimwaga kama maji ya kufulia," akasema, akakata. Jumatano nilikata sketi ya mteja, nikakosea, nikaanza upya.

Alhamisi wifi akaingia, akavuta kiti, akakaa. Alisema alikwenda kwa mama yake tayari kwa ugomvi, akamwekea gauni miguuni, na mama hakujitetea, akamwambia kitambaa kile kilinunuliwa na baba yake wifi, wiki ile wifi alipozaliwa. Baba mkwe alikuwa safarini kikazi, akarudi akakuta mtoto wa kike, akatoka siku ileile akaenda dukani, akasema hiki ni cha siku atakayoolewa. Wifi alikuwa na miaka miwili baba alipofariki. Hana anachokumbuka kwake, hata sauti. Mama alikiweka miaka ishirini na tisa akimsubiri, na alipomsikia mwanawe akisema hataki hariri mwilini mwake aliogopa kutaja, maana binti angekuwa amekataa kitambaa na marehemu baba yake pamoja.

Nikamuuliza wifi, sasa? Akafuta macho, akasema, "Mngeniambia ningelivaa. Ninachokataa ni kununua hariri ili wengine wachemshwe kwa ajili yangu. Hii baba alishainunua kabla sijajua kutembea, kuitupa kusingemrudisha kiwavi hata mmoja. Kilichoniuma ni kwamba mliniamulia, halafu mkaniacha nisimame mbele ya watu niseme uongo bila kujua." Akasema amenikasirikia na bado amekasirika kidogo, lakini itaisha. Halafu akaomba chai. Mshauri, nilipokuwa namimina ile chai nilijisikia kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana mwaka mzima. Gauni ameamua ataliazima hivyohivyo, mwenzake ameshaambiwa ni hariri ya nani na amekubali.

Sasa mambo yangu ni matatu. Wale mabibi harusi watatu, mume wangu anasema nyamaza, washonee pamba ya kweli, yatakuwa yamekwisha, na vile vitambaa vinne vya meza bado ninavyo kabatini. Wifi anasema uamuzi ni wangu. La pili ni mama mkwe, hapokei simu yangu mpaka leo. La tatu naona hata aibu kuliandika, ni kwamba nina furaha. Mama mkwe amenuna, wateja bado hawajui, na mimi naimba nikishona. Je, nina moyo mgumu?

Ni mimi,
Fundi mwenye moyo mwepesi na mama mkwe mzito

MSHAURI ANAJIBU

Dada fundi,

Salamu zote mbili nimezipokea, ya kuamkiwa ndiyo yangu.

Nianze na la tatu kwa sababu ndilo jepesi. Moyo wako si mgumu. Aliyetua mzigo haombi radhi kwa kunyoosha mgongo. Umekaa miezi na neno moja kooni, sasa limetoka, mwili unashangilia. Imba. Ila usijipake mafuta kwa mgongo wa chupa ukadhani kwa kuwa umepona basi hukuwa mgonjwa. Kitambaa alileta mama mkwe, mkasi uliushika wewe. Na mwenyewe umekiri ulikitamani, na uliogopa kusemwa. Hilo nakusifu kwa kuliandika, na nakukemea kwa kulifanya.

Wapo watakaosoma barua yako wamcheke wifi yako na viwavi wake. Wacheke. Lakini mtu akikwambia hali kitu fulani, humfichii kwenye mchuzi halafu ukamtazama akilamba vidole. Anachokubali kigusane na ngozi yake ni juu yake, hata kama kwako ni kichekesho. Ukiona masharti ya mteja yamekushinda, mrudishie kitambaa chake kwa heshima. Na tazama jinsi binti huyo alivyo na akili: mlimwona mtu wa masharti asiyesemezeka, kumbe alikuwa na nafasi ya hariri ya baba yake, ila hakuna aliyemuuliza. Mliogopa jibu ambalo hakuwa amelitoa.

Wateja wako. Mpende mumeo, lakini ushauri wa kazi yako usiuchukue kwa mtu asiyejua kutia uzi kwenye sindano. Wale watatu wamekuja kwa sababu ya maneno yaliyosemwa harusini, na maneno hayo wewe unajua hayakuwa kweli. Ukiwashonea pamba na kunyamaza, gauni litakuwa safi na fundi atakuwa bado na doa. Waite wiki hii, mmoja mmoja. Waambie hivi: lile gauni mlilolipenda lilikuwa hariri ya zamani ya familia, bibi harusi mwenyewe hakujua, kosa ni langu. Ukomee hapo. Habari za marehemu ni za mama na binti, hazina kazi kwenye meza yako ya kukatia. Halafu watolee ile pamba ya meza, mkate uzi, mchome pamoja, kila mtu anuse kwa pua yake. Anayetaka kwenda, mfungulie mlango na usimlaumu. Atakayebaki atakuwa mteja wako na si wa hotuba ya harusini. Na kuanzia sasa mtu akikuuliza hiki ni kitambaa gani, toa sindano mdomoni kwanza, ndipo ujibu.

Mama mkwe. Yeye anasema umemwaga siri, na wewe unajua ilikuwa lazima itoke. Wote wawili mna haki, ndiyo maana simu haisaidii. Hukukosea kusema. Ulikosea kutomwonya. Ungemtumia neno Jumatatu ileile, "Mama, nimeshindwa, wifi anakuja kwako," angepata hata nusu saa ya kujiandaa. Badala yake aliwekewa gauni miguuni akiwa hana neno mdomoni, mwanamke aliyekuwa amelinda jambo hilo miaka ishirini na tisa. Kwa hilo, na kwa hilo tu, kaombe radhi.

Usimtume mumeo. Usiende na zawadi, atadhani unamnunua. Nenda kesho asubuhi, wewe na miguu yako, kabla hajaanza shughuli za jikoni. Akikuacha mlangoni, simama mlangoni. Akikuonyesha mahali pa kukaa hata kwa kidevu, kaa. Na usianze na samahani, kwa sababu atasema "haya" na mazungumzo yataishia hapo. Alikuahidi kukusimulia habari ya kitambaa na mpaka leo umeisikia kwa mtu mwingine. Mwambie umekuja kuisikia kwake. Muulize mumewe alirudi nyumbani saa ngapi siku ile, alikibeba vipi, alisema nini alipokifungua. Nadhani tangu mumewe azikwe, mama huyo hajaulizwa maswali hayo na mtu yeyote. Mwache aseme mpaka atosheke, na akinyamaza, mwombe radhi kwa sauti ya kawaida, kisha umsaidie kumenya chochote kilichopo mezani.