Mota Inayozimika Juu ya Mtama wa Mama Mkwe

Jumamosi, Kiambere. Jua linachoma tangu saa mbili asubuhi, na upepo hakuna.

Shajara, nimejiaibisha kwa wakwe.

Mtama wa mama mkwe umebakisha siku nne uvunwe, na wale ndege wadogo wa midomo myekundu wamekuja kama wingu. Msimu uliopita walimwachia mabua. Basi mimi, fundi wa redio niliyejifundisha mwenyewe, nikajigamba kwa simu kwamba nina eropleni ya rimoti, ya betri, itawafukuza. Nyumbani Kaaga, kule Meru, ilikuwa ikiruka dakika sita bila kukohoa. Leo nimefika, nikakuta shemeji zangu wote wamekuja kutazama. Sikuwaalika. Sifa zilinitangulia.

Nikairusha. Dakika moja tu, mota ikalegea, ikanyamaza. Ikashuka polepole katikati ya mtama, na ndege wakaendelea kula kando yake.

"Kumbe na yenyewe ilikuwa na njaa?" shemeji mmoja akauliza.

Nilicheka kwa meno tu.

Nikapima betri: bado ina nguvu. Nikaweka propela ndogo ili mota ipunguziwe mzigo. Dakika moja na nusu, kimya. Nikachoma solda upya kwenye waya, chuma nikikipasha kwa makaa ya mama mkwe. Kimya tena. Na kila nikiibeba hadi kivulini niipime, inanguruma vizuri, kama mgonjwa anayepona akimwona daktari.

Kufika saa sita shemeji walikuwa wameenda zao. Hilo liliuma kuliko mzaha wao.

Mama mkwe hakuenda. Alikuwa akipiga debe kutisha ndege tangu alfajiri, kiganja amekifunga kitambaa. Akaniletea uji.

"Baba Kendi, kunywa. Na uvue hiyo jaketi, hapa si Meru. Utaanguka kama hiyo kitu yako."

Kweli nilikuwa na jaketi. Kiambere, saa saba mchana. Nikaanza kuivua, na mkono mmoja ukiwa bado ndani, nikakumbuka.

Hata eropleni niliivalisha.

Kwetu Kaaga manyunyu hayaishi, kwa hivyo kile kisanduku kidogo kinachogawia mota umeme nilikizungushia sponji na nailoni, kisilowe. Nikakigusa, kidole kikaungua. Kikipata joto kupita kiasi kinakata umeme kujiokoa. Kivulini kinapoa, kinajifanya mzima.

Nikakivua nguo zote, nikatoboa matundu mawili puani mwa eropleni hewa ipite. Ilibaki betri moja yenye nguvu.

Saa kumi wingu la ndege likarudi. Nikarusha. Dakika moja. Ya pili sikupumua. Ya tatu ndege wote wakainuka kutoka kwa mtama kwa mpigo, na debe likanyamaza, mara ya kwanza tangu aniletee uji.

Wakavuka ua, wakatua kwa shamba la jirani.

Jirani akasimama anatuangalia, mikono kiunoni.

"Kesho uanzie kwake," mama mkwe akaniambia, bila kunitazama. "Stima ya kuchaji hiyo kitu iko kwake peke yake."

Bwawa la umeme liko pale chini tu, linaonekana. Ajabu ya nchi hii tuiache.

Betri zangu ziko mezani kwa jirani sasa, zinachaji. Jaketi iko chini kabisa ya begi. Mashamba mawili, siku nne, na mota ambayo nimeielewa leo alasiri.

Je, itanisitiri?