Nilirudi na uso wa kijana, sasa wakwe hawataki kuongea na mimi

Mpendwa Mama Delphine,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba uvumilivu, kwa sababu nilikuwa mwalimu na baadaye mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na minane, na mtu wa kazi hiyo hawezi kueleza jambo la saba bila kuanza na la kwanza. Jina langu ni Émile, nina miaka sitini na saba, nakaa Kabondo, hapahapa Kisangani, wazazi wangu walitoka Kindu, nina mke mmoja, Bijou, na watoto wanne, wa mwisho ni Jemima, na Jemima ndiye anayenifanya nitake kulia, ingawa, kama utakavyoona, kulia kwenyewe kumekuwa kazi ngumu.

Jicho langu la kulia, ambalo ndilo ninalolitegemea kwa kuwa la kushoto ni dhaifu tangu utotoni, lina mtoto wa jicho, yaani ule ukungu mweupe unaoziba mboni mpaka mtu anasalimia nguzo ya umeme akidhani ni jirani, na mwanangu Guelord, ambaye huenda Istanbul mara mbili kwa mwaka kununua nguo za kuuza, akaniambia, "Papa, twende wote, kule wanatibu haraka," nami nikakubali, tukapanda ndege, na mpaka hapo, Mama Delphine, nilikuwa sijafanya kosa lolote.

Kosa lilianzia kwenye chumba cha kungojea, ambapo alinijia kijana mmoja wa kliniki, mwenye suti na Kifaransa kizuri, akalitazama jicho langu, kisha akanitazama mimi mzima, akasema jicho si tatizo kubwa, tatizo ni kope, maana zimeshuka kama pazia, na jicho zima nyuma ya pazia lina faida gani, nami kama mtu wa shule nikaona hoja yake imesimama, nikakubali kope, halafu akasema kope mpya juu ya mashavu ya zamani ni kama bati jipya juu ya ukuta uliopasuka, nikakubali mashavu, na mashavu yakadai paji, na paji likadai sindano za kulainisha mikunjo, na vyote pamoja vikadai dawa ya kuchubua ngozi ya uso ili rangi ilingane. Uso ukavimba. Daktari wa macho akasema jicho haliguswi mpaka uvimbe uishe, na uvimbe ulipoisha siku ya ndege yetu nayo ilikuwa imefika. Kwa hiyo nilirudi Kisangani, wiki saba zilizopita, na kope mpya, mashavu mapya, paji jipya, nywele nyeusi, na mtoto wa jicho yuleyule. Uso wangu sijauona vizuri hadi leo. Naelezwa tu.

Utaniuliza kwa nini nilikubali, na mimi sitakuficha. Wanafunzi wangu wa zamani wana kundi la WhatsApp, na siku moja mmoja wao alinipiga picha nikinunua makemba sokoni, yaani ndizi za kupika, akaiweka kule, na wa kwanza kujibu akaandika, "Kumbe mwalimu bado iko muzima?" Watu themanini na tisa wakaweka alama ya kucheka. Niliwafundisha wote kusoma, Mama Delphine.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Wiki ya kwanza kamati ya wamama wa parokia ilimwita mke wangu, wakamwambia, "Mama Bijou, papa amekwenda kutibiwa macho, nawe unatembea na kijana mchana kweupe?" Bijou akajibu, "Ni yeye." Wakatazamana, wakasema, "Bon. Uzinzi, na uongo juu yake." Wiki ya pili nilikwenda kilioni kwa jirani yetu Mama Bibiche, aliyefiwa na mumewe, rafiki yangu wa miaka mingi, na kwa sababu pembe za mdomo wangu zimevutwa juu na paji langu halikunjiki, nilikaa katikati ya waombolezaji nikiwa na sura ya mtu aliyetoka kuonja asali, huku moyo wangu ukipasuka, mpaka ndugu wa marehemu wakaniomba kwa adabu nikacheke nyumbani. Na watoto wa mtaa, wakiniona, huimba, "Uso Fanta, mikono Coca," kwa kuwa ile dawa ilipakwa usoni tu, na mikono ikabaki ilivyokuwa, myeusi, yenye mishipa na mabaka ya uzee.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini Jemima ana mchumba, Moïse, kijana mwenye tabia njema, mtoto wa wavuvi wa kule maporomoko ya Wagenia, na mwezi uliopita wazee wake walikuja kwetu kwa kile tunachokiita hapa kanga lopango, yaani kufunga uwanja ili mwanamume mwingine asiingie. Aliyewaongoza ni babu yake, Papa Jephté, mzee mrefu ambaye ametega samaki kwenye maji makali tangu kabla ya uhuru. Alinikuta nimekaa kwenye kiti changu.

"Petit," akaniambia, yaani kijana mdogo, "toka kwa ile kiti, ni ya muzee. Papa yako iko wapi?"

"Papa ni mimi."

"Weye ni papa ya nani?"

"Ya Jemima."

Akamgeukia mjukuu wake. "Moïse, huyu ni mukwe yako ao mulisoma naye?"

Nikasimama, nikamweleza kwa muda wa dakika ishirini kwamba ngozi ya binadamu ina tabaka, na kwamba tabaka la juu likiondolewa kwa dawa la chini hutokeza jipya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wangu ulivyozidi kutabasamu wenyewe, naye akaona namcheka. Akasema, "Sisi tulileta mvi, ninyi munatuwekea mutoto wa kutuchekelea." Wakabeba kreti yao ya bia, hawakuacha hata chupa moja. Mlangoni wakamkuta mdogo wangu Benoît, ambaye ana miaka hamsini na minane tu, lakini ana ndevu nyeupe na anatembea kwa fimbo kwa sababu ya ugonjwa wa vidole vya miguu. Papa Jephté akamshika kwa mikono miwili. "Muzee, tutarudi kuongea na weye."

Walirudi Jumapili iliyofuata. Mimi nilikuwa nimejipaka unga wa muhogo kichwani na kwenye nyusi ili kuonyesha mvi, na sina haja ya kukueleza joto la Kisangani, lakini nitaeleza: jasho likilowesha unga wa muhogo huwa uji, na uji ukipata jua hukaza. Ulianza kushuka tulipokuwa katika sala ya kufungua. Bijou akaniita kutoka dirishani, "Papa Émile, bugali imeiva!" Hata Papa Jephté alicheka, ila baada ya kucheka alimalizia mazungumzo yote na Benoît.

Siku ya mahari ni Jumamosi ya tatu kuanzia hii. Siku hiyo, kwetu, baba humwuliza binti mbele ya watu, "Tupokee vitu hivi au tusipokee?" na binti akijibu, baba huchukua mkono wake na kuuweka ndani ya mkono wa mume. Benoît anasema atafanya yeye, ili kuokoa heshima ya familia. Amekwisha kuwapelekea wakwe vipimo vya ile suti ambayo upande wa mume humletea baba, na namba ya viatu. Jana aliniambia, "Petit, leta maji," nami, Mungu anisamehe, nilileta. Na Jemima amekuja kwangu akasema, "Papa, tonton Benoît akiniuliza, mimi nitanyamaza. Nitajibu wewe tu." Akinyamaza, ndoa imekufa mbele ya watu mia mbili, na wale wavuvi hawatagonga mlango wetu tena.

Niliandikia ile kliniki kuuliza kama wanaweza kunirudishia uso wangu. Wamejibu kwamba hilo haliwezekani, ila shingo watanifanyia kwa bei ya rafiki. Nifanye nini, Mama Delphine? Niende? Nimwachie Benoît? Au kuna njia ya mtu kurudishiwa uzee wake?

Ni mimi, Papa Émile, Kabondo

*

Papa Émile,

Nakuita papa bila wasiwasi, kwa kuwa nimebahatika kutokuuona uso wako. Nilichonacho ni barua, na kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza nilijua naongea na mzee. Hakuna kijana katika mji huu anayezama mtoni na bado akasimama kunifundisha mtoto wa jicho ni nini.

Pole kwa kile kilio. Hapo sikucheka. Kwingine kote nilicheka, na mwenzangu wa meza ya pili hapa gazetini alikuja kuuliza kuna nini.

Sasa nikugombeze kidogo. Unaniambia ulirudi na nywele nyeusi, wiki saba zilizopita. Papa, mimi mwenyewe napaka rangi, na najua kwamba wiki ya tatu mvi huanza kuchungulia, na wiki ya saba zinakuwa zimekaa barazani. Zako ziko wapi? Ilibidi ujipake unga kuzitengeneza! Maana yake kuna mtu anaendelea kununua rangi, na mtu huyo si yule kijana wa kliniki mwenye suti. Unalia asubuhi kwamba umepoteza uzee, na jioni unaupaka rangi nyeusi. Chagua. Leo hii nenda kwa kinyozi, anyoe zote. Zitakazoota ndani ya wiki tatu zitakusemea bila unga.

Shingo, hapana. Usiwajibu tena. Walianza na kope, na wewe mwenyewe umeona ukuta ulivyofuata bati.

Benoît naye, usigombane naye. Ni mtu aliyepewa kiti na akakikuta kizuri. Mwambie mbele ya Mama Bijou: "Mdogo wangu, utakaa mkono wangu wa kuume, na viatu nitakuachia." Suti ni yako, wapelekee vipimo vyako mwenyewe. Na akikuambia tena "petit, leta maji," mwulize nani alimbeba mgongoni alipokuwa hajui kutembea. Usieleze zaidi ya hapo. Uliza, kisha nyamaza.

Kwa Papa Jephté utakwenda mwenyewe, na usingoje siku ya mahari. Nenda wiki hii, mchana, na Bijou pembeni yako. Usimletee tabaka za ngozi. Yule ni mtu wa maji makali. Anajua kutofautisha samaki na povu, mradi usimpigie povu. Anza kwa kumwambia kwamba uso wako unacheka wenyewe na kwamba wewe hukumcheka, maana hilo ndilo lililomuuma. Kisha keti karibu naye, uweke mikono yako juu ya magoti, kando ya mikono yake. Ile mikono watoto wanayoiimbia. Hakuna aliyeipaka kitu, Papa Émile. Ina miaka sitini na saba yote, na chaki ya miaka thelathini na minane ndani yake. Mwambie aitazame, halafu atazame yake.

Kisha mwambie ile habari ya picha na wale themanini na tisa. Najua hutaki. Mwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Akikuuliza kama kweli wewe ni mzee, mjibu kwamba kijana haogopi kuulizwa kama bado yuko hai, wala havuki nchi ngapi sijui ili asiulizwe. Upumbavu kama huo hufanywa na mzee tu. Umri wako umeuthibitisha vizuri kuliko cheti chochote, na Papa Jephté, kwa miaka yake, atajua unaongea nini. Huenda naye ana picha yake mahali.

Na siku yenyewe hutahitaji uso. Swali ni la mdomo, na kukabidhi ni kwa mkono.

Limebaki moja, na hili nalisema kwa hasira. Ulisafiri kote huko kwa sababu ya jicho, ukarudi nalo vilevile. Madaktari wa macho tunao hapahapa mjini. Kesho asubuhi nenda, uwaulize kama wanaweza kulitibu kabla ya Jumamosi hiyo ya tatu, na wakikuambia tatizo ni kope, ondoka. Umetumia miezi ukihangaika jinsi watu watakavyokuona, Papa, na siku hiyo Jemima atakuwa amesimama hatua mbili mbele yako, akikutazama, akisubiri swali. Yeye hana shaka wewe ni nani. Wewe ndiye inakubidi umwone.

Mama Delphine